Masurufu ya kambi ya tamasha la muziki Kilifi wakati wa Mwaka Mpya: tuchukue chakula gani?

Binti wa Tanga aliuliza:

Assalamu alaikum na habari za wakati huu, ndugu zangu.

Sisi ni watu watano wa familia moja, na tunakusudia kwenda Kilifi, Kenya, kwenye tamasha la Mwaka Mpya la Beneath the Baobabs, ambako tutalala kwenye mahema kwa siku tatu. Hadi sasa tamasha tulilolizoea ni Sauti za Busara la Unguja, ambako muziki hupigwa Ngome Kongwe, mtu hulala katika nyumba ya wageni mjini, na njaa ikimshika usiku hutoka nje ya ngome na kuvuka barabara tu, akawa amefika Forodhani penye chakula cha kila aina. Kambi ni jambo jingine kabisa kwetu. Hakuna friji, hakuna jiko la nyumbani, na ninaelewa kwamba vibanda vya chakula vya ndani ya tamasha vipo, lakini watu watano kula humo mara tatu kwa siku ni gharama ambayo hatuwezi kuibeba. Tumepanga kununua mlo mmoja kwa siku, na mingine tujitegemee.

Ningeomba mnishauri ni vyakula gani vinavyodumu katika joto la pwani bila kuharibika, na kama kuna haja ya kubeba jiko. Nyama tunakula iliyochinjwa kwa utaratibu wa Kiislamu tu, kwa hiyo ningependa tuwe na kitoweo chetu wenyewe. Zingatieni pia kwamba tutasafiri kwa basi kutoka Tanga kupitia mpakani Horohoro na Lungalunga, na safari yenyewe itamaliza sehemu kubwa ya siku.

Mpishi wa Mtwapa alijibu:

Wa alaikum salaam, mwanangu, na karibuni sana pwani yetu.

Chakula cha kambi huchaguliwa kwa jinsi kinavyostahimili joto, hata kama nyumbani si hicho mnachokipenda zaidi. Mwishoni mwa Desemba mchana wa Kilifi hupita nyuzi 30, na unyevu wa hewa ya bahari huongeza uzito wa joto hilo, hivyo ndani ya hema lililopigwa na jua chakula kibichi au chenye mchuzi hakina nafasi. Cha kwanza kuacha nyumbani ni kila kilichopikwa kwa tui la nazi. Najua ni vigumu kwa mtu wa Tanga kama ilivyo kwa mtu wa Mombasa kuamka bila mbaazi za nazi, lakini mbaazi, wali wa nazi na samaki wa kupaka huchacha kabla ya saa za mchana, na tui likishachacha halifichiki kwa kupashwa moto. Biriani na pilau nazo msizibebe kwa sufuria. Mlo huo mmoja wa kununua ndio uwe wali, uliwe ukiwa bado wa moto.

Yapo masurufu ambayo pwani hii imeyajua tangu zamani za majahazi, wakati mabaharia walipokuwa wakivuka kutoka Arabuni na pepo za kaskazi bila chombo chochote cha baridi. Tende ndiyo ya kwanza, na sijaona chakula cha kambi kinachoishinda: haiharibiki, ina sukari ya kumpa nguvu mtu aliyecheza usiku kucha, na hailiwi kwa kijiko wala sahani. Papa mkavu naye alikuwa chakula cha baharia, lakini yeye anahitaji kurowekwa na kupikwa, na harufu yake ndani ya kambi yenye mahema yaliyobanana itawaudhi majirani, kwa hiyo mwacheni. Badala yake tafuteni nyirinyiri. Hii ni nyama ya ngamia, ng'ombe au mbuzi inayokatwa vipande vidogo sana, ikakaushwa na kukaangwa hadi maji yote yaishe, kisha ikahifadhiwa katika mafuta au samli, kama wafanyavyo ndugu zetu Wasomali na Waborana ambao hulazimika kuweka nyama kwa muda mrefu wakiwa safarini. Hupatikana Mombasa kwa wauzaji Wasomali, na kwa kuwa imechinjwa kwa taratibu mnazozitaka, suala la kitoweo litakuwa limekwisha. Inaliwa na chapati au mahamri bila kupashwa moto. Mkipenda samaki, kaangeni dagaa nyumbani hadi wavunjike wanaposhikwa, muwatie ndimu, chumvi na pilipili, nao watafika wakiwa wazuri.

Mahamri kandeni kwa maji badala ya tui, na mkisha kuyachoma katika mafuta yaacheni yapoe kabisa juu ya ungo kabla ya kuyafunga. Wengi huyafunika yangali na mvuke, na mvuke huo ndio unaoleta ukungu siku ya pili. Yafungeni kwa kitambaa safi ndani ya kikapu cha ukindu, kinachopitisha hewa. Visheti, tambi za dengu na krispi za muhogo hukaa hata wiki, ila hivyo vifungieni kwenye mikebe, kwa sababu vikipata unyevu hulainika na kupoteza ladha. Mayai ya kuchemsha pia yanafaa, mradi yasimenywe.

Matunda msiyatoe Tanga. Bidhaa za mimea zina ukaguzi wake mpakani, na isitoshe basi litayaponda. Mkishafika Mombasa, soko la Kongowea liko kando ya barabara hii hii iendayo Kilifi, na msimu huo huwa ni wa maembe. Chagueni maembe yaliyo magumu bado, ndizi zisizoiva sana, machungwa, matango na ndimu. Korosho zisubirini Kilifi penyewe. Kaunti ile ni ya mikorosho tangu kale, na mji ulikuwa na kiwanda chake cha korosho, hivyo pale kituo cha magari mtazikuta zimekaangwa na kufungwa tayari kwa msafiri.

Mkazi wa Jinja alijibu:

Dada, ninakubaliana na mama kwa karibu yote, nami nitaongeza yanayohusu namna ya kula, maana kambi ya tamasha ina saa zake. Niliwahi kupiga hema katika tamasha la Nyege Nyege, ambalo lilianza hapa Jinja, Uganda, mwaka 2015, na mwaka 2022 lilifanyika kwenye maporomoko ya Itanda, juu ya Mto Nile. Nilichokiona huko ni kwamba muziki huendelea hadi alfajiri, watu huingia kwenye mahema jua likikaribia kuchomoza, na baada ya muda mfupi hema linakuwa kama tanuri, hivyo kila mtu anatoka akiwa na usingizi, kiu na njaa kwa pamoja. Kwa sababu hiyo mlo muhimu kuliko yote ni wa asubuhi. Familia nyingi huweka fedha zao kwenye chakula cha jioni, wakati ambapo foleni za vibanda ni ndefu na mwili hauna hamu ya kula sana. Sisi tulikuwa tukinunua rolex asubuhi, yaani chapati iliyokunjwa na mayai yaliyokaangwa papo hapo, pamoja na chai, na mtu aliyekula hivyo aliweza kufika alasiri kwa ndizi na karanga. Kwa upande wenu, ningependekeza mlo ule mmoja wa kununua muuhamishie asubuhi, na jioni mle nyirinyiri na mahamri yenu kabla ya kuelekea jukwaani.

Kila mtu awe na kifuko chake cha usiku chenye tende, korosho na chupa ya maji. Umbali kati ya jukwaa na hema huonekana mdogo mchana, lakini usiku, kati ya maelfu ya watu na kamba za mahema, hakuna atakayetaka kurudi kuchukua kitu, na matokeo yake mtu hukaa na njaa au hununua kwa bei asiyoipenda.

Kuhusu jiko, maoni yangu ni kwamba msibebe. Mtungi wa gesi ndani ya basi la abiria ni hatari kwa wote waliomo, na matamasha mengi yanakataza moto wa wazi katika eneo la mahema, jambo ambalo ni la haki kabisa pale penye majani makavu na nguo za mahema zinazoshika moto haraka. Someni masharti ya tiketi yenu kabla ya kufunga mizigo, kwa sababu huko ndiko kunakoandikwa pia kama chakula na vinywaji kutoka nje vinaruhusiwa kupita mlangoni na kwa kiasi gani. Vyombo vya kioo kwa kawaida havipiti, hivyo achari na asali vihamishieni kwenye chupa za plastiki ngumu.

Na mkumbuke mifuko ya plastiki. Tanzania iliipiga marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na Kenya ilitangulia tarehe 28 Agosti 2017 kwa sheria yenye adhabu kali, kwa hiyo msije mkakuta mfuko uliosahauliwa chini ya begi pale Lungalunga. Vikapu, mikebe na mifuko ya kitambaa inatosha.

Afisa Afya, Dodoma, alijibu:

Ninashukuru kwa ushauri mzuri uliotolewa, lakini ninaomba kurekebisha jambo la mayai, kwa kuwa ni la usalama. Yai lililochemshwa huharibika haraka kuliko bichi, kwa sababu kule kuchemshwa huondoa utando unaolinda vitundu vya ganda. Mayai ya kuchemsha liwe suala la safarini tu, yaliwe asubuhi ile ile mliyoondoka, na kitakachobaki kitupwe bila huruma.

Kanuni tunayoifundisha ni kwamba bakteria huzaliana kwa kasi katika chakula kilicho kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60, na chakula kilichopikwa kisikae katika hali hiyo zaidi ya saa 2. Joto likipita nyuzi 32, ambalo ni la kawaida ndani ya hema mchana, muda huo uhesabiwe kuwa saa 1. Wali unahitaji tahadhari ya pekee, kwa sababu una vijidudu ambavyo mbegu zake haziuawi kwa kupikwa, na sumu vinayotengeneza wali ukipoa haiondoki hata ukipashwa moto tena. Ndiyo maana ninaunga mkono kwa nguvu zote kauli ya mama kwamba wali uliwe wa moto pale unaponunuliwa, na usiwekwe kiporo. Vyakula vikavu, vyenye sukari nyingi, chumvi nyingi au siki, kama vile tende, tambi, dagaa wakavu na achari, haviwapi bakteria maji ya kutosha kuzaliana au huwa vikali mno kwao, na hapo ndipo ilipo siri ya kudumu kwake.

Maji yasipuuzwe. Kwa joto hilo, na kwa watu watakaocheza, hesabuni si chini ya lita 3 kwa kila mtu kwa siku, maana yake lita 45 kwa watu watano katika siku tatu. Msibebe mzigo huo kutoka Tanga. Nunueni madumu ya lita 20 Kilifi mjini, isipokuwa kama waandaaji wametangaza kuwa kambini kuna maji ya kunywa. Madafu mkiyapata ni mazuri sana. Bebeni pia sukari, chumvi na kijiko cha chai, kwa sababu atakayeharisha atahitaji maji mapema: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vikiwa vimesawazishwa juu, anywe kidogo kidogo. Sabuni ya kunawia iwe karibu na kikapu cha chakula, isiwe chini ya mizigo.

Mwisho ninasisitiza: jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya hema kwa sababu yoyote, hata likionekana limezimika. Hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na aliyelala hapati dalili ya kumwamsha.

Binti wa Tanga aliandika:

Nawashukuru nyote kwa moyo. Jiko tumeliacha, na mlo wa kununua tumeuhamishia asubuhi. Limebaki swali moja kwa mama wa Mtwapa: mahamri yasiyo na tui yatadumu siku zote tatu, na je, tupike mangapi?

Mpishi wa Mtwapa alijibu:

Mwanangu, la mayai nimelipokea, na ahsante kwa afisa.

Mahamri ya maji yatakuwa mazuri siku mbili, nayo ya tatu yatakuwa magumu, hivyo pikeni ya siku mbili tu, manne kwa kila mtu kwa siku, jumla arubaini. Siku ya tatu nunueni mkate Kilifi mjini mnapokwenda kujaza maji, mle na siagi ya karanga na ndizi ambazo wakati huo zitakuwa zimeiva vizuri. Pangeni kikapu kwa kufuata mpangilio huo huo: maembe yanayolainika na matango yaliwe siku ya kwanza, nyirinyiri ifunguliwe kopo moja kwa jioni moja ili mafuta ya makopo mengine yasiguswe na kijiko kichafu, na tambi, korosho na tende ndizo ziwe akiba ya siku ya mwisho na ya njia ya kurudi. Chombo chote kiwekwe ndani ya ndoo yenye mfuniko, nje ya jua, kwa sababu sisimizi wa huku hupata harufu ya sukari hata kwenye begi lililofungwa.

Mkipita Mtwapa na basi likasimama, nunueni achari ya maembe pale kituoni.