Je, Mkristo aweza kuandika programu ya kuchagua shabaha za kivita?

Mama wa Tudor
Bwana Yesu asifiwe. Kijana wangu, mhitimu wa kompyuta, ameitwa kazini na kampuni ya nje inayotengeneza programu za ndege zisizo na rubani: kamera hupiga picha, programu hupambanua lori la askari na lori la mizigo, kisha hupendekeza lipi lipigwe. Mwenyewe asema hataua mtu, ataandika hesabu tu. Moyo wangu haujatulia. Mafundisho ya Kikristo yasemaje?

Msomaji wa Kisauni
Mama, tusilaumu umbali. Mizinga ya Ngomeni, pale Fort Jesus, nayo iliua watu ambao mpigaji hakuwaona nyuso. Mwaka 1139 Mtaguso wa Pili wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulikataza upinde wa mtambo dhidi ya Wakristo, na majeshi yakaendelea kuutumia. Thomas wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, alisema vita vya haki vyataka mamlaka halali, sababu ya haki na nia njema. Aina ya silaha haimo katika masharti hayo. Programu ikipunguza vifo vya raia, kosa liko wapi?

Katekista, Likoni
Ndugu yangu, hayo ni masharti ya kuingia vitani, nayo namna ya kupigana ina hukumu yake. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulilaani kuangamiza miji mizima pamoja na wakazi wake bila kubagua, na Juni 2024 Papa Fransisko aliwaambia viongozi wa G7, kundi la mataifa saba tajiri, kwamba mashine isichague kamwe kuutoa uhai wa binadamu. Chukua lori hilo la mama, limefunikwa turubai: programu yatoa uhakika wa asilimia 90, afisa ana sekunde chache, abonyeza. Ndani mlikuwa na wakimbizi. Afisa atasema aliifuata mashine, na mashine haiungami. Aliyeamua kwamba 90 yatosha ndiye aliyechagua, tena akiwa ofisini, kwenye kiyoyozi. Kwa hiyo hiyo si hesabu tu.

Msomaji wa Kisauni
Hilo la kiwango nalikubali, ingawa askari aliyechoka naye hukosea, pengine zaidi.

Mama wa Tudor
Basi nimwambie akatae?

Katekista, Likoni
Kwanza aulize kabla ya kutia saini: nani ana uwezo wa kusitisha shambulio, na hupewa muda gani? Programu itauziwa nani? Akikataa sehemu fulani ya kazi kwa ajili ya dhamiri, atafukuzwa? Wakikwepa swali la kwanza, asiende.