Gari inachemsha nikipanda mlima, mjini iko sawa. Nianzie wapi kabla ya kushusha hedi?

Kijana wa Soni
Habari wakuu. Nina gari ndogo ya Kijapani, cc 1500, petroli, otomatiki. Nikiwa Dar haina shida, hata kwenye foleni mshale wa joto unakaa chini ya katikati, na asubuhi unachelewa sana kupanda. Balaa linaanza nikienda nyumbani Lushoto. Nikitoka Mombo na kuanza zile kona, mshale unapanda taratibu, unavuka katikati, na kabla ya kufika Soni lazima nipaki. Nikifungua boneti nasikia maji yanatokota kwenye kopo la akiba.

Feni inafanya kazi, rejeta imeoshwa. Thamostati, ile valvu inayofungua na kufunga njia ya maji kufuatana na joto, ilitolewa zamani na fundi wa kwanza, akasema nchi yetu ni ya joto haihitajiki. Fundi wa sasa anasema gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku, imekufa, anataka laki sita na nusu. Nasafiri na watoto wadogo na sitaki kulala nao njiani. Naomba ushauri.

Gereji Uani
Pole sana mkuu. Usitoe hiyo hela bado. Gari inayochemsha kwenye foleni ikatulia barabara ikifunguka, mara nyingi ni feni: fyuzi, rilei au mota yake. Yako ni kinyume, inachemka ikibeba mzigo. Hapo unatazama mzunguko wa maji: thamostati, pampu ya maji, rejeta kuziba ndani, kifuniko cha rejeta. Maji gani unatumia? Na yanapungua bila kuona yanavuja wapi?

Kijana wa Soni
Maji ya kisima cha hapa mtaani, yana chumvi kidogo. Hayapungui nikiwa Dar. Oili ni safi, na moshi mweupe sijauona.

Dereva Mkongwe
Thamostati achana nayo, hiyo ni ya nchi za baridi. Mimi nimeendesha magari bila hiyo kitu miaka mingi.

Gereji Uani
Mzee wangu, kwa heshima zote, hapa sikubaliani nawe, na naomba wasomaji wasiipite hii. Thamostati za injini nyingi za Kijapani zina sahani mbili. Maji yakifika nyuzi 82 hivi, sahani kubwa inafungua njia ya kwenda kwenye rejeta, na ile ndogo ya chini inaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupoa. Ukiitoa, njia zote mbili zinabaki wazi saa zote. Tambarare hutaona tatizo, injini itakuwa ya baridi tu. Ukianza mlima, sehemu kubwa ya maji inazunguka humo humo ndani bila kupita kwenye rejeta, na gari inachemka. Tena injini ikikaa baridi, kompyuta inaongeza petroli, kwa hiyo na mafuta inakunywa. Ule mshale wako unaochelewa kupanda asubuhi ndio ulionifanya niandike haya.

Dereva Mkongwe
Hiyo ya sahani ya chini sikuwa naijua. Magari yangu yalikuwa ya zamani, yenye njia moja. Endelea kumwelekeza.

Bi Mkubwa wa Spea
Kaka, ukinunua thamostati usiifunge kabla ya kuipima nyumbani. Ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, weka na kipimajoto cha jikoni, washa moto. Namba ya nyuzi imegongwa kwenye chuma. Ikifika hapo utaiona inaanza kuachia, na maji yakikaribia kuchemka iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Isipofunguka irudishe dukani. Chukua na mpira wake mpya, na kama ina kijipini kidogo pembeni, kikae upande wa juu ili hewa itoke.

Badilisha na kifuniko cha rejeta, namba ya presha ifanane na iliyoandikwa kwenye cha zamani. Watu wanakidharau. Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi, maji ya wazi huko yanachemka kwenye nyuzi 95 tu. Kifuniko cha presha ya 1.1 kikishika vizuri, maji yanavuka 115 bila kuchemka. Kikilegea, unasikia huo mtokoto kwenye kopo.

Gereji Uani
Kuhusu gasketi, jipime mwenyewe. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko, jaza maji, washa. Mapovu yakiendelea kutoka mfululizo hata injini ikishapata moto, au ukikifunga na kuwasha injini ikiwa baridi, bomba la mpira la juu la rejeta likawa gumu ndani ya dakika moja tu, fundi ana hoja. Kusipotokea hivyo, hedi iache. Kifuniko usikiguse injini ikiwa ya moto, mvuke ule unachubua uso.

Hayo maji ya kisima mwaga yote, suuza mpaka yatoke meupe, weka kulanti (dawa ya kupozea injini) nusu na maji ya betri nusu. Nasema yale ya kuongezea, siyo yale makali ya asidi. Kisha toa hewa: inua pua ya gari, washa hita mpaka mwisho, acha kifuniko wazi tangu injini ikiwa baridi, ongeza kila yakishuka mpaka feni iwake.

Kijana wa Soni
Mrejesho wakuu. Mapovu hakuna. Kifuniko cha zamani mpira wake ulikuwa umepasuka. Nimefunga thamostati ya 82 na kifuniko kipya, nimeweka kulanti. Nimepanda na familia mpaka Lushoto mjini, mshale umekaa katikati njia nzima. Mungu awabariki. Swali moja: leo kopo limeshuka kama nusu kidole, ni kawaida?

Bi Mkubwa wa Spea
Kawaida, hewa iliyobaki imetoka. Ongeza asubuhi injini ikiwa baridi, piga alama kwa kalamu kwenye kopo. Ikishuka tena wiki ijayo na chini hakuna tone, rudi hapa, tutaangalia pampu.