Tupeane uzoefu: mwanafunzi wa utabibu awe na nini mkononi kabla ya kuingia wodini (Kanda ya Ziwa)

Kijana wa Igoma
Wakuu, habari za humu. Vijana wetu wenye ufaulu wa Kemia, Biolojia na Fizikia wanazidi kuingia vyuo vya afya, wengine waishie Tabibu Msaidizi, wengine wafike Tabibu kamili. Darasani wanajaziwa majina ya mifupa na mishipa, halafu wanapelekwa mafunzo kwa vitendo bila kujua kupima presha sawasawa. Naomba anayefanya kazi OPD (wagonjwa wa nje), maabara, famasi au anayefundisha alete jambo moja ambalo mwanafunzi akilikosea mgonjwa ndiye anayeumia. Wekeni namba na hatua.

Naanza na presha. Mtu aliyepanda mlima wa Bugando kwa mguu usimfunge mkanda hapo hapo. Akae dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo sakafuni, miguu isipishane, na mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo. Muulize kama amebanwa na mkojo, maana kibofu kilichojaa kinapandisha namba. Mkanda ukae sentimita 2 hadi 3 juu ya kiwiko, na mfuko wake wa hewa uzunguke walau asilimia 80 ya mkono. Hapa ndipo wengi wanapoanguka: mvuvi anayevuta nyavu ana mkono mnene, ukimfunga mkanda wa kawaida unaombana utampa presha asiyokuwa nayo na ataanzishiwa dawa za maisha bure. Shika mapigo ya kifundo cha mkono, pandisha hewa mpaka yapotee, ongeza milimita 30, kisha shusha polepole, milimita 2 hadi 3 kwa sekunde. Mlio wa kwanza kwenye stethoskopu ni namba ya juu, mlio ukipotea ni ya chini. Mgonjwa asiongee, na wewe usimwongeleshe. Andika ulichosikia. Faili lenye 120/80 kwa wagonjwa kumi mfululizo linaonyesha hakuna aliyepima.

Mama Kirumba
Asante kaka. Mimi naleta upumuaji wa watoto, kipimo kisichohitaji mashine na bado ndicho kinachorukwa zaidi. Hesabu dakika nzima, usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa 4, kwa sababu mtoto mchanga anapumua kwa vipindi. Mtoto awe ametulia mikononi mwa mama, asiwe ananyonya wala kulia, nguo zimepandishwa uone tumbo na kifua. Chini ya miezi 2, pumzi 60 na kuendelea ni haraka. Miezi 2 hadi 11 ni 50. Mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza 5 ni 40. Tazama pia kama sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani anapovuta hewa. Mtoto asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au aliyelegea bila fahamu hakai foleni, mpeleke mbele.

Dozi kwa Kilo
Hesabu ya dawa, ndugu zangu. Watoto wa sekondari wanasema hesabu waliiacha kidato cha nne, kumbe ndiyo kazi yenyewe. Pima uzito kwanza, usikisie kwa umri. Mfano: mtoto wa kilo 12, parasetamo miligramu 15 kwa kilo. 15 × 12 = 180. Chupa imeandikwa miligramu 120 kwa mililita 5. Gawa unachotaka kwa ulichonacho, zidisha kwa ujazo: 180 ÷ 120 × 5 = mililita 7.5. Ukigeuza mgawanyo unapata 3.3 na homa haishuki. Hatari kubwa zaidi ni chupa: kuna ya miligramu 250 kwa mililita 5, na mililita 7.5 za hiyo ni miligramu 375, zaidi ya maradufu. Soma lebo kila mara hata kama chupa zinafanana. Mama apewe bomba lisilo na sindano au kikombe chenye alama, vijiko vya nyumbani havilingani. Na ukiandika nusu andika 0.5, usiandike .5, nukta hufifia mtu akasoma 5.

Binti Nansio
Mkuu Dozi, na dripu? Wengi wanazungusha roda (kidude cha kurekebisha mwendo wa matone) tu na kuondoka.

Dozi kwa Kilo
Swali zuri dada. Mililita × matone kwa mililita ÷ dakika. Lita 1 kwa saa 8, seti ya matone 20: 1000 × 20 ÷ 480 = 41.7, weka 42 kwa dakika. Idadi ya matone imeandikwa kwenye pakiti ya seti. Seti ya watoto ni matone 60, na ukihesabu kama ya 20 mgonjwa atapata theluthi tu ya maji. Rudi uhesabu tena baada ya nusu saa, mkono ukikunjwa mwendo hubadilika.

Hadubini
Nimekuja na kichocho, maana tupo ziwani na hakuna ugonjwa unaotudai umakini kama huu. Huku mwaloni na visiwani, Ukerewe, Kome na kwingineko, kinachotawala ni kichocho cha tumbo, Schistosoma mansoni. Mayai yako kwenye choo kikubwa, na ugonjwa ukikaa miaka ini na bandama vinaharibika mpaka mtu anatapika damu. Kile cha mkojo wa damu, Schistosoma haematobium, utakikuta zaidi bara, kwenye malambo na majaruba ya mpunga. Kwa hiyo mvuvi usimwombe mkojo peke yake ukasema hana kichocho.

Kipimo cha Kato-Katz, cha kuhesabu mayai ya minyoo kwenye choo: choo kinachujwa, kinajazwa kwenye tundu la miligramu 41.7, kinafunikwa kwa selofani iliyolowekwa kwenye gliserini. Mayai unayohesabu unazidisha kwa 24. Mayai 5 ni 120 kwa gramu, na kuanzia 100 hadi 399 ni maambukizi ya kati, 400 na zaidi ni makali. Ukitafuta na mayai ya minyoo ya safura, soma mapema, ndani ya nusu saa hadi saa 1, baadaye yanayeyuka machoni. Slaidi moja isiyo na yai haitoshi kumwachia mtu mwenye dalili, maambukizi madogo yanapita bila kuonekana. Rudia choo cha siku nyingine. Cha mkojo, sampuli ichukuliwe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, wakati mayai yanatoka kwa wingi.

Prazikwanteli ni miligramu 40 kwa kilo, baada ya chakula. Kilo 60 ni 2400, yaani vidonge 4 vya 600. Haiui minyoo michanga, ndiyo maana aliyemeza juzi anaweza kukutwa na mayai tena wiki kadhaa mbele hata kabla hajarudi majini.

Mama Kirumba
Niongeze usalama kwa ufupi. Klorini ya 3.5% kuwa 0.5%: 3.5 ÷ 0.5 − 1 = 6, sehemu 1 ya klorini kwa sehemu 6 za maji, itengenezwe upya kila siku. Vifaa viloweke humo dakika 10 tu, vikizidi vinapata kutu. Sindano usiirudishie kifuniko, na sefti boksi (boksi la kutupia sindano) ifungwe ikifika robo tatu. Ukijichoma, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka bila kukamua, toa taarifa saa hiyo hiyo. Dawa za kinga ya VVU zianze mapema kadiri inavyowezekana, mwisho saa 72, zimezwe siku 28.

Binti Nansio
Kwa wanaopangwa vituo vya visiwani: mtu mzima akiletwa kutoka kambi ya uvuvi anaharisha kama maji ya mchele, macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole sana, usisubiri majibu ya maabara ya kipindupindu. Mpe dripu ya Ringa lakteti mililita 100 kwa kilo. Kilo 50: mililita 1500 ndani ya nusu saa, kisha 3500 ndani ya saa 2 na nusu. Mtoto chini ya mwaka 1 muda unakuwa saa 1, kisha saa 5. Akiweza kunywa tu, anza ORS (maji ya chumvi na sukari ya kunywa) huku dripu inaendelea, na tenga ndoo yenye alama za lita chini ya kitanda ili ujue kinachotoka.