Mseja wa miaka mingi: kinachomuumiza ni upweke au maneno ya watu?

Mshauri_Nasaha: Wadau, mtu mzima aliyekaa miaka bila mwenzi anakuja hana usingizi na anakwepa shughuli za ukoo. Ndugu wanashikilia kuwa dawa ni ndoa. Upweke na unyanyapaa nivitenganisheje?

Mama Vipimo: Pima, usikisie. Anza na WHO-5, dodoso la Shirika la Afya Duniani la kupima hali njema ya nafsi: maswali 5 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila jibu alama 0 hadi 5. Jumlisha, zidisha mara 4. Akipata 50 au chini, mchunguze sonona kwanza, mengine yasubiri. Kisha maswali 3 ya upweke: ni mara ngapi anakosa mtu wa kuwa naye, anahisi kuachwa nje, anahisi kutengwa? Kila jibu ni alama 1 (mara chache) hadi 3 (mara nyingi). Hapa wengi hukosea: wanaangalia jumla tu. Ikiwa la kwanza liko chini na mawili ya mwisho yako juu, muulize nani anamwacha nje, na wapi. Mara nyingi utakuta marafiki anao, ila kikao cha familia kinaamua mambo bila yeye kwa kuwa "hana mji wake".

Mzee wa Takwimu: Hao ndugu waambie taratibu. Takwimu nyingi za "wasio na ndoa" huwachanganya wajane na waliotalikiana na wale ambao hawajawahi kuoa wala kuolewa, kisha machungu yote anabebeshwa mseja. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa 2003, uliofuata watu wale wale miaka 15, ulionyesha kuwa kwa wastani furaha hupanda kidogo wakati wa kufunga ndoa, halafu hurudi ilipokuwa. Kumsukuma kwa hofu ni hatari zaidi: anayeogopa kubaki peke yake hukubali mwenzi asiyemfaa.

Dada Nasra: Kwa unyanyapaa, mfundishe jibu fupi lisilo na sababu: "Niko salama shangazi, vipi mguu wako?" Akitaja sababu, kila sababu itajadiliwa. Kabla ya shughuli aongee na ndugu mmoja anayeheshimika, amkatie maneno yakianza. Kazini, zamu za sikukuu zikimwangukia yeye kila mara eti hana watoto, aombe orodha ya mzunguko iliyoandikwa. Malalamiko ya mdomo husahaulika. Na jambo linalopuuzwa mno: aandike sasa nani apigiwe simu akiugua na nani amwamulie matibabu akizidiwa, amwarifu mtu huyo, nakala ampe.