Mazoezi ya mama nyumbani baada ya kiharusi

Swali: Ndugu zangu, mama ameruhusiwa kutoka hospitalini baada ya kiharusi kilichompooza upande wa kushoto, na miadi ya mtaalamu wa mazoezi tiba ni mwezi ujao, tumfanyie nini wakati tukisubiri?

Jibu la kwanza: Poleni. Msimwinue kwa kumvuta mkono uliopooza, kwani misuli ya bega imelegea na kiungo huteguka kwa urahisi. Akikaa, mkono huo uegemezwe juu ya mto.

Jibu la pili: Baba yangu alianza kwa kuinuka na kuketi kwenye kiti imara, nami nikisimama upande wake dhaifu. Kukunja kanga moja kulimchukua nusu saa, nasi tulijizuia (kwa shida!) kumsaidia.

Muulizaji: Ahsanteni. Jana nilimvuta mkono huohuo, na leo analalamikia bega.

Jibu la kwanza: Basi mpelekeni akaonwe, msingoje mwezi ujao.