Mrejesho: Beetle yangu, moduli na ile sumaku ya mafuta

Wakuu, niliahidi mrejesho. Niliuliza kama Volkswagen Beetle yangu ya 1972 niifungie moduli ya kielektroniki badala ya platini (vile vidude vinavyofunguka na kujifunga ili plagi zipate cheche), na kama ile sumaku ya kubana kwenye mpira wa mafuta inapunguza ulaji kweli.

Moduli nimefunga kwa fundi wa Gerezani. Inakaa ndani ya distributa (kifaa kinachogawa umeme kwa plagi), palepale zilipokuwa platini, na nyaya mbili zinaenda kwenye koili (inayokuza umeme wa cheche): nyekundu chanya, nyeusi hasi. Ukizigeuza umeiua. Usiache swichi ya ufunguo imewashwa injini ikiwa imezima, moduli inaungua. Sasa gari linawaka mara moja asubuhi, likisimama kwenye taa halitetemeki, na habari za kupima uwazi wa platini wa 0.4 mm kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia) zimekwisha. Platini za zamani nimezihifadhi kwenye gari. Likinigomea Kibaha sitaki kuvutwa.

Mafuta? Nafuu ndogo, tena naona imetokana na taimingi (wakati wa kurusha cheche) kusetiwa upya na kabureta kusafishwa. Foleni ya Ubungo linakunywa vilevile.

Sumaku sijanunua. EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, imepima vifaa zaidi ya 100 vinavyodai kupunguza ulaji wa mafuta, haijakuta cha maana. Muuzaji wa Kariakoo aliponiambia "inapanga molekuli", nikamuuliza bei ya plagi.