Tupeane uzoefu: uwongo wa WhatsApp uliowahi kukutoa mbio

BintiMajengo: Leo alfajiri grupu la mtaa limevamiwa tena na ile voisi ya "nina mtu wangu ndani ya serikali, msimwambie mtu". Nyinyi wenzangu uwongo gani uliwahi kuwapeleka mbio?

Khamis Kibokoni: Strungi, chai kavu isiyo na maziwa! Machi 2020 shangazi kanipigia usiku wa manane, ati kuna mtoto kazaliwa, kasema tunywe strungi bila sukari kabla jua halijatoka ndio korona isitufike, kisha kafa papo hapo. Mtaa mzima sufuria jikoni. Na strungi bila sukari ni adhabu jamani.

MamaSwafi: Kwetu pia 😂😂 hadithi ile ile

MzeeKobe: Mnakumbuka namba za kuua? Ukipokea simu damu yakutoka puani. Na hapo WhatsApp hata haijazaliwa, ilikuwa SMS tu.

Mke wa Bahari: Yangu nikiikumbuka mwili wasisimka. Septemba 2018, wiki ile feri ya MV Nyerere ilipopinduka kule Ukara, Ziwa Victoria, wakafa watu zaidi ya 200. Sasa mtu kaichukua picha ya chombo kilivyolala tumbo juu, kaandika FERI YA LIKONI IMEZAMA SAA HII, kaitupa grupu la familia. Mume wangu kazi yake Ukunda na hiyo ndiyo saa yake ya kuvuka, napiga simu haipatikani, napiga haipatikani, mavyaa hakungoja, kapiga ukelele mmoja majirani wote ndani, mikeka yatandikwa, shemeji keshaagiza turubai, mimi huyo na leso na kiatu kimoja mpaka feri. Nafika naona magari yapakiwa kama kawaida, watu wala viazi karai!! Namuuliza askari waliozama wako wapi, akanitazama tu. Narudi bwana yuko mlangoni na mkate wa sinia, simu imekwisha chaji, auliza watu "nani kafa?" Mamake kumwona akazimia.

Khamis Kibokoni: Turubai mlilipa?

Mke wa Bahari: Mwenye turubai hakuondoka bila pesa ya mafuta.

Mtwapa Boy: Shida ni wazee wa magrupu, hawasomi, waforwadi tu

MzeeKobe: Adabu mwanangu. Nani juzi aliweka humu tuzime simu usiku, miale yapita kutoka angani?

Mtwapa Boy: Ile niliandika "kama nilivyopokea"

MamaSwafi: Hahaa, hiyo ndiyo kinga ya waongo wote wa pwani hii

Salim Tudor: Tazameni mishale juu ya ujumbe wa WhatsApp. Ukiona miwili pamoja ujue ujumbe umezungushwa sana, tangu 2020 huo waweza kuupeleka kwa chati moja moja tu. Picha ipitishe Google Lens, itakutolea ilikotoka. Mashirika ya kuhakiki habari, PesaCheck na Africa Check, pia huchambua hizi.

Khamis Kibokoni: Na kuna sheria ya Kenya ya makosa ya mtandao ya 2018, iliweka faini ya hadi shilingi milioni 5 kwa habari ya uwongo.

BintiMajengo: Sheria hiyo hiyo yawatisha wasema kweli, wacha hiyo.

MamaSwafi: Mie nasubiri redio.

Mtwapa Boy: Redio nao wasoma Facebook

MzeeKobe: Salim, hiyo Lens kwenye mulika mwizi, simu yangu ya vitufe, iko wapi?

Salim Tudor: Haipo ami, lakini picha nazo hazikufikii.

Mke wa Bahari: Zamfikia. Mavyaa hakuwa na simu yoyote.